Kabla ya Posa, Ulizeni



Siku hizi watu wengi hupatana kwa simu kabla hawajaonana kwa macho. Pengine wewe ni mmoja wao. Shangazi au rafiki anakupa namba. Mnazungumza mwezi mmoja, miezi miwili. Kisha mnapanga siku. Unavaa nguo nzuri, unapanda basi, unakwenda kumwona mtu ambaye unaijua sauti yake tu.

Mimi silipingi jambo hili. Hata zamani watu walioana bila kujuana. Lakini nataka tujadiliane juu ya siku hiyo ya kwanza ya kuonana. Siku hiyo inaweza kuleta neno zito ambalo hukulitazamia.

Chukua mfano wa mwanakisomo mmoja wa vijiji vya Mpimbwe. Yeye na huyo mwenzake wameniruhusu kueleza habari yao, ila majina yao siyatoi. Dada huyu ana watoto wawili, na mume wake wa kwanza walikwisha achana. Analima mpunga. Wifi yake aliyeolewa upande wa Kaliua alimpa namba ya mkulima mmoja wa tumbaku. Wakazungumza kwa simu miezi mitatu. Mwisho wakapatana waonane mjini Mpanda, karibu na stesheni, pale reli itokayo Kaliua inapoishia.

Walikaa katika mgahawa. Wakaagiza wali na migebuka. Dada alitazamia mazungumzo ya kawaida: mashamba, watoto, wazazi. Lakini yule bwana hakula. Alitoa kadi mfukoni akaiweka mezani. Akasema, "Dada yangu, kabla hatujafika mbali, soma hii. Ni kadi yangu ya kliniki. Nina virusi vya UKIMWI. Nimeanza kumeza dawa mwaka 2017."

Dada alinyanyuka aondoke. Kisha akakaa tena. Akamwuliza, "Mbona unaniambia leo, hata chakula hatujamaliza?" Yule bwana akajibu, "Nikikuambia baada ya kutoa mahari, nitakuwa nimekudanganya."

Je, ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanya nini?

Niliuliza swali hili darasani, bila kusema ni habari ya nani. Kijana mmoja alisema angekimbia. Mama mmoja alisema mtu huyo ni mwema kuliko wengi anaowajua. Mzee mmoja akasema, "Hayo yote ni kwa sababu mmemwacha mshenga. Zamani mshenga angelijua hilo mapema."

Mzee ana haki kwa sehemu. Mshenga hakuwa mpeleka barua tu. Kabla ya posa aliuliza: Ukoo huu una ugonjwa gani? Kijana ni mchapa kazi? Ana madeni? Ana mke mwingine? Simu imekuja, na mara nyingi mshenga hayupo tena, au huitwa mwishoni kupeleka mahari. Lakini maswali yake bado yapo. Asipoyauliza mshenga, ni lazima ninyi wawili myaulize.

Hata hivyo tusisahau kwamba mshenga naye aliweza kuficha. Na mara nyingi binti hakuulizwa kama anataka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba hakuna ndoa bila hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Nami naona hivi: mtu hawezi kukubali jambo asilolijua. Ukimficha mwenzako ugonjwa, au mke uliyemwacha kijijini, huna haki ya kusema kwamba alikubali kwa hiari. Alikubali mtu mwingine, siye wewe.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba yule bwana alifanya vizuri. Na alitimiza sheria pia. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inamtaka mtu anayejua kwamba ana virusi amwarifu mwenzi wake. Sheria hiyo hiyo inalinda siri ya mgonjwa. Mhudumu wa zahanati hana ruhusa ya kutangaza majibu ya mtu. Basi na wewe ukiambiwa siri kama hii, usiipeleke kisimani wala kilabuni. Ukimtangaza aliyesema kweli, unawafundisha wengine kusema uongo.

Lakini kusema kweli si mwisho wa kazi. Aliyeambiwa naye ana haki ya kufikiri, na ana haki ya kukataa. Huruma peke yake haijengi nyumba. Na hofu peke yake si mshauri mzuri. Inafaa tuamue kwa kujua.

Basi tujue nini? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati ule hapakuwa na dawa, na watu walikufa wengi. Hofu tuliyo nayo ilitoka katika miaka ile. Tangu mwaka 2004 serikali imekuwa ikitoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Tangu mwaka 2016 utaratibu ni kwamba kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa, bila kungoja adhoofike.

Dawa hizi haziondoi virusi vyote mwilini. Lakini huvipunguza sana. Mtu akimeza dawa kila siku, virusi vinaweza kupungua mpaka kipimo kisivione. Akiendelea hivyo bila kuacha, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mama naye akimeza dawa vizuri, anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Akiacha dawa, virusi huongezeka tena. Kwa hiyo swali la maana si "Una virusi?" tu. Uliza pia: "Unameza dawa kila siku? Kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilisema nini?" Tena nendeni pamoja mkamsikie mganga mwenyewe.

Na usidhani kwamba anayepaswa kuulizwa ni yule mmoja tu. Dada yetu alipotulia, yule bwana alimwuliza, "Na wewe umepima lini?" Hakuwa amepima tangu mtoto wake wa pili alipozaliwa. Alikuwa anamwogopa mwenzake, na hali yake mwenyewe haijui! Alikwenda kupima wiki ile ile. Majibu yake ni siri yake.

Jambo la mwisho ni haraka. Wengine wakionana leo, kesho wanahamia pamoja. Hii ni hatari. Sheria ya Ndoa inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya ndoa. Siku hizo zimewekwa ili mwenye pingamizi apate kusema. Nawe zitumie kuuliza, kupima na kuwaona wazee wa pande zote mbili. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Walisema pia, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ninapoandika maneno haya, dada yule na bwana yule hawajaoana, wala hawajaachana. Wamekwenda kliniki pamoja mara moja. Bado wanaulizana. Mimi sikumwambia amkubali, wala sikumwambia amkatae. Nilimwambia aulize mpaka aridhike. Nawe ndugu msomaji nakuambia vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini yule bwana hakungoja mpaka atoe mahari?
2. Mshenga wa zamani aliuliza mambo gani katika kijiji chenu? Siku hizi nani anayauliza?
3. Rafiki yako akikuambia siri ya ugonjwa wake, utafanya nini?
4. Andika maswali matano ambayo ungemwuliza mtu anayetaka kukuposa, au unayetaka kumposa.