Tuzo za Mikoa Zipimwe Vitongojini

Imejengeka desturi ya kuigawia mikoa ngao, vikombe na vyeti kwa kufanya vizuri katika afya ya uzazi na mtoto. Ukumbi hupambwa, takwimu husomwa, mkoa ulioshinda huitwa, na Mkuu wa Mkoa hupanda jukwaani akifuatana na Mganga Mkuu wake kupokea ngao ambayo kesho yake itakaa juu ya kabati la ofisi. Hakuna mwenye akili timamu atakayekasirika kwa sababu mtumishi wa umma amepongezwa. Lakini lipo swali linalowahusu hasa watumishi wanaojaza taarifa hizo kila mwezi: kinachopongezwa ni nini?

Mafanikio yapo, na anayeyakana ni mpotoshaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kutokana na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hicho hicho idadi ya wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma ilipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Ni kwa kazi hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates jijini Dar es Salaam Februari 2025, nayo ilikuwa heshima ya Taifa zima.

Hata hivyo, utafiti huo huo una tarakimu nyingine ambayo haisomwi kwa sauti kubwa kumbini. Watoto wachanga, yaani wanaokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015-16, na 24 mwaka 2022. Muda wote huo umeokoa mtoto mmoja katika elfu. Kati ya watoto 43 wanaokufa kabla ya miaka mitano katika kila elfu, zaidi ya nusu hufa katika mwezi huo wa kwanza, na wengi wao hawana hata jina. Kichanga aliyekufa siku ya tatu mara nyingi huzikwa na akina mama watu wazima, pasipo tanga wala tangazo. Ni ngao ipi imewahi kunyimwa mkoa kwa ajili yake?

Itazamwe Wilaya ya Kilosa. Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Magari hupita usiku na mchana, na hospitali ya Mtakatifu Kizito iko pale pale mjini. Mjamzito wa Mikumi akipatwa na uchungu wa hatari saa nane usiku, ana njia. Apandaye milima ya Vidunda, au aendaye Lumuma, au avukaye kwenda kwa wafugaji wa Twatwatwa, anakutana na wilaya nyingine kabisa, ingawa jina ni lile lile. Huko masika ndiyo huamua nani atafika zahanati. Mwishoni mwa mwaka 2009 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukawaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kuikata reli ya kati. Kama reli ilishindwa, mtu hana haja ya kuuliza juu ya machela. Namba 115 ya kuitia usafiri wa dharura wa wajawazito ni jambo la kushukuriwa sana, ila gari lililoitwa bado linahitaji daraja.

Sasa Mikumi na Vidunda huingizwa katika jedwali moja, wakaongezwa na wakazi wa Manispaa ya Morogoro, ikatoka asilimia moja ya mkoa. Asilimia hiyo ndiyo hupewa ngao.

Na hiyo asilimia hutoka wapi? Tangu mwaka 2014, Rais Kikwete alipozindua kadi ya alama ya afya ya uzazi na mtoto, mikoa hupangwa kwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Ni chombo kizuri kwa mpangaji. Tatizo ni kwamba takwimu zake hutoka katika rejista za vituo. Mama aliyejifungulia nyumbani akafia nyumbani hayumo katika rejista. Hawezi kuigeuza rangi ya mkoa wowote. Kituo kinachompokea mama aliyecheleweshwa siku mbili, kikapigana usiku kucha na hatimaye kumkosa, ndicho kinachoharibu rangi. Kijiji kisicho na njia wala muuguzi hakiharibu kitu. Kupima kwa namna hiyo kunamtia muuguzi katika jaribu baya la kutamani mgonjwa mahututi afie kwingine.

Watetezi wa vikombe husema ushindani huamsha watu. Huamsha, lakini kwa kipimo gani? Mwaka 2011 ulianza mpango Mkoani Pwani, kwa msaada wa Norway, wa kuwalipa watumishi wa vituo, pamoja na viongozi wa afya wa wilaya na mkoa, kulingana na matokeo. Baadhi ya wilaya za Mkoa wa Morogoro zilitumika kama mizani ya kulinganishia. Wanaojifungulia vituoni waliongezeka kwa takriban asilimia 8, na dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria ikawafikia wengi zaidi. Huduma nyingi nyingine zilizokuwa katika orodha hiyo hiyo ya malipo hazikutikisika. Ikiwa fedha taslimu zilifika hapo tu, ngao ya kuning'iniza ukutani itafika wapi?

Mkoa wa Morogoro wenyewe unao mfano bora zaidi, na ni ajabu kwamba hautajwi. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Canada, ilianzisha mradi katika Wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amekufa na alikufaje. Ilionekana kwamba malaria, iliyokuwa ikiua watoto wengi, ilipewa sehemu ndogo mno ya bajeti. Wilaya zikahamisha fedha kuelekea kwenye vifo. Kwa muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hakuna aliyeshindania kombe. Vivyo hivyo kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipimwa kwa vyoo vilivyochimbwa, vitu ambavyo mtu aliweza kwenda kuviona kwa macho yake.

Novemba 2018, jijini Dodoma, wakuu wa mikoa walitia saini ahadi ya kupunguza vifo hivi wakati wa uzinduzi wa kampeni ya Jiongeze Tuwavushe Salama. Saini hizo zinadai zaidi ya taarifa nzuri. Hakuna maiti inayozikwa kijijini bila mwenyekiti wa kitongoji kupata habari. Mwalimu anayeandikisha darasa la kwanza hujua ni watoto wangapi wameletwa na bibi zao na kwa nini. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao nao hulala katika vitongoji hivyo hivyo. Wajuzi wapo, ila hakuna anayewauliza, kwa kuwa jibu lao lingeishusha rangi.

Basi kabla ya mkoa wowote kuitwa jukwaani, watumwe watu wa mkoa mwingine katika vitongoji vilivyopigiwa kura, vya mbali vikiwamo, wakawaulize hao. Waulize pia iwapo mjamzito, ambaye sera imemsamehe malipo, bado huambiwa aje na glavu na wembe wake. Mkoa uliokutwa na vifo vingi kuliko ilivyoandikwa usiadhibiwe kwa kuvifichua, bali upewe fedha na wauguzi mahali vilipotokea. Kuanza hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji daftari moja kwa kila kitongoji, na ofisa wa wilaya atakayepanda Vidunda kulisoma kabla taarifa ya mkoa haijachapwa.