NAULI YA MWANAFUNZI NA MSHAHARA WA DREVA

Wengi wetu tuna watoto katika Vyuo Vikuu. Mtoto akipata nafasi Kahawa au Njoro, wazee hufurahi, kisha huanza kuhesabu: karo, chakula, kitanda. Nauli husahauliwa, nayo ndiyo itokayo mfukoni kila siku. Asubuhi ni bei hii. Mvua ikinyesha ni bei nyingine. Siku ya kufungua chuo huongezwa tena. Mwenye masomo ya jioni hurudi usiku, na msichana hungojea matatu kwa hofu. Hatujasahau Novemba 2014, wanawake walipoandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kituoni mbele ya watu.

Husemwa kwamba lawama yote ni ya dreva na kondakta. Hao ni wafanyi kazi wenzetu, lakini hatutawatetea katika maovu. Anayemshika msichana, au anayejaza watu kupita viti, na ashitakiwe. Ila yatupasa kuuliza: kwa nini gari hukimbizwa? Madreva wengi hawana mshahara wa mwezi. Asubuhi tajiri hutaja hesabu anayoitaka jioni. Mafuta hutoka katika nauli hiyo hiyo, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wa dreva. Akipunguza mwendo, hulala njaa. Basi hupandisha nauli, hujaza, hukimbia, na hasara humfikia mwanafunzi.

Dawa yake si mpya. Kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kushikwa Februari 2004 wakati wa Waziri John Michuki, ziliagiza mikanda, na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na pia kwamba madreva na makondakta waandikwe kazi ya kudumu. Mikanda ilifungwa, kazi ya kudumu matajiri wengi wakaisahau.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, dreva na kondakta walipwe kwa mwezi, kwa mkataba. Pili, nauli iandikwe mlangoni, wala isibadilishwe na mvua. Tatu, wenye magari, wakuu wa vyuo na wanafunzi wakae meza moja wapatane juu ya magari ya usiku.

Nanyi wanafunzi, msiyapige magari mawe mnapokasirika. Anayeumia ni abiria na dreva. Tajiri yuko nyumbani. Njoni tudai pamoja.

Umoja ni nguvu.