Mtoto wa tano: nabii Hosea na nyumba zilizotenganishwa na vita

Goma, Kivu ya Kaskazini – Wanaoandika majina kwa ajili ya chakula wakifika, wanauliza nyumba ina watoto wangapi. Baba anajibu: wanne. Mama ananyamaza. Mgongoni mwake, ndani ya kitenge, analala wa tano. Jetoni inaandikwa ya watoto wanne, na majirani wote wanajua sababu: mimba ya huyo wa tano ilipoingia, baba alikuwa ng'ambo ya pili ya vita.

Nyumba za namna hiyo si moja wala mbili. Tangu 2022, vita ilipowaka tena Rutshuru, kisha ikafika Masisi na Nyiragongo, watu walikimbia bila kupanga. Mume akaelekea Kanyabayonga, mke akashuka na watoto mpaka Kanyaruchinya. Simu ikapotea njiani ama ikauzwa ili watoto wale. Wengine walikaa mwaka, wengine miaka miwili, bila kujua kama mwenzao yuko mzima. Mwanzoni mwa 2025 vita ikaingia Goma yenyewe, kambi zikavunjwa, watu wakarudi vijijini ama wakaomba nafasi ya kulala kwa ndugu. Ndipo mume na mke wengi walipoonana tena. Mama amekuja na mtoto asiyejulikana na baba. Baba naye ameacha, huko alikokuwa, mwanamke aliyekuwa akimpikia. Mambo ya baba hayaulizwi sana.

Habari ikifika kanisani, kitabu kinachofunguliwa mara nyingi ni cha nabii Hosea. Wahubiri wamechagua vizuri. Shida ni kwamba wanakifunga mapema mno. Wengine wanaishia sura ya kwanza: Gomeri hakuwa mwaminifu, basi mama huyu naye aondolewe kwenye kwaya na asikaribie meza ya Bwana mpaka wazee watakapokaa. Wengine wanaruka mbio mpaka kwenye msamaha, wanamwambia aliyekosewa apeane mkono na mwenzake jioni hiyohiyo, kwani Hosea alisamehe. Wote wawili wanamkosea nabii.

Hosea alihubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, zaidi ya miaka 700 kabla ya Kristo. Alianza siku za mfalme Yeroboamu wa Pili, wakati biashara ilikuwa nzuri, akaendelea siku ambazo wafalme waliuana mmoja baada ya mwingine. Karibu mwaka wa 722, Waashuru waliuchukua mji wa Samaria na kuhamisha watu wake mpaka nchi za mbali. Ni kitabu cha watu ambao walikuja kujua kufunga mizigo na kuacha mashamba. Mungu alimtuma nabii kuoa mwanamke asiye mwaminifu ili ndoa yenyewe iwe mahubiri: jinsi Gomeri alivyofuata wapenzi, ndivyo taifa lilivyomfuata Baali, likidhani ni yeye analipa nafaka, divai na mafuta.

Watoto watatu walizaliwa katika nyumba hiyo. Wa kwanza aliitwa Yezreeli, kwa sababu ya damu iliyomwagwa mahali penye jina hilo. Wa pili, binti, aliitwa Lo-Ruhama, maana yake asiyehurumiwa. Wa tatu aliitwa Lo-Ami, si watu wangu. Kila walipoitwa kula, makosa ya wakubwa yalitajwa. Kivu inaelewa jambo hilo. Huku kuna Mateso, kuna Machozi, kuna Tabu, majina ambayo wazazi walipewa na siku mbaya. Na kuna majina mabaya zaidi, yasiyoandikwa popote, ambayo mtoto anayasikia akitumwa kuchota maji: mtoto wa adui, mtoto wa porini, mtoto wa kambi.

Lakini sura ya pili haimaliziki kabla majina yale hayajageuzwa. Asiyehurumiwa anahurumiwa. Yule aliyeitwa si watu wangu anaitwa watu wangu. Watoto hao hawakutubu kitu, hawakuletwa mbele ya wazee, wala hakuna aliyengoja kwanza mama yao amalize adhabu. Hapo ndipo neema ilipoanza katika nyumba ya Hosea, na hapo ndipo mahubiri mengi ya hapa hayafiki.

Jambo moja lisemwe wazi, sababu linachanganywa kila siku. Mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu njiani, shambani ama alipokwenda kutafuta kuni hakukosa uaminifu. Hana cha kusamehewa. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, ametibu maelfu ya wanawake wa namna hiyo katika hospitali ya Panzi, Bukavu, tangu 1999, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobeli ya amani. Baada ya kazi yote hiyo iliyofanywa hapahapa jirani, bado kuna mabaraza ya kanisa yanayomkalisha mama aliyebakwa kwenye kiti cha mwenye dhambi na kumwuliza kwa nini alikwenda shambani peke yake. Kumsomea huyo habari za Gomeri ni kumwumiza mara ya pili. Akina mama hao wanahitaji matibabu na mtu wa kuwasikiliza. Anayetakiwa kuitwa mbele ya sheria ni aliyewabaka.

Halafu kuna wale waliokosa kweli, mume ama mke. Njaa ilisukuma wengine, upweke wengine, na wengine walitaka tu. Kwao sura ya tatu ina habari nzito. Hosea anatumwa amrudishe mwanamke, naye anamlipia vipande 15 vya fedha pamoja na shayiri, homeri moja na nusu. Sheria ya Musa ilihesabu mtumwa kwa vipande 30. Anayezoea kununua vitu kwa kukusanya kidogo kidogo anaona haraka kilichotokea: inaonekana mtu huyu hakuwa na fedha za kutosha, akajazia kwa chakula cha nyumbani kwake. Aliyekosewa ndiye aliyelipa, tena alilipa kwa kile ambacho angekula.

Ndiyo maana msamaha hauwezi kuamriwa na mtu wa pembeni. Mchungaji hawezi kusamehe mahali pa mume, mama mkwe hawezi kusamehe mahali pa mke, kwani si wao wanaotoa shayiri. Mwenye kukosa naye hawezi kuja mlangoni kudai neema kama anayedai deni. Hata Hosea hakumaliza mambo kwa siku moja. Alimwambia mwanamke wakae siku nyingi wakingoja, bila mwanamume mwingine, na yeye mwenyewe akajifunga kungoja vilevile. Mke ambaye mume wake amerudi na pombe na ngumi ana haki ya siku hizo nyingi, na zaidi. Akilala kwa wazazi wake wakati huo, hajamkataa Mungu.

Kuna pia mstari wa sura ya nne ambao wanaume wa kanisa wangefanya vizuri kuusoma kwa sauti, angalau mara moja kwa mwaka. Mungu anakataa kuwaadhibu binti na wakaza-wana kwa uzinzi wao, sababu wanaume wenyewe wanakwenda pembeni na makahaba. Miaka zaidi ya 2700 iliyopita, nabii aliona baraza lenye macho ya kuona kosa la mke na kipofu kwa kosa la mume. Mwanamke anaondolewa kwaya. Mwanamume mwenye nyumba mbili, moja Butembo na nyingine Goma, anaendelea kukusanya sadaka. Kanisa likiwa na nidhamu, basi iwahusu wote wawili. Isipowezekana, afadhali liache kabisa.

Wapo wanaosema kwamba maneno kama haya yatafanya dhambi ionekane kitu kidogo. Wakisome kitabu tena. Hosea hafichi kosa lolote, analitaja kwa jina lake, wakati mwingine kwa ukali unaomfanya msomaji ainamishe kichwa. Katika sura ya 11 Mungu anasema kama mzazi aliyemshika mtoto mikono akimfundisha kutembea, kisha mtoto huyo akamwacha. Hasira ipo. Anayeizuia ni Mungu mwenyewe, kwa sababu yeye si binadamu. Mume aliyekosewa anaweza kulia, anaweza kukasirika, anaweza kukaa miezi bila kujua la kusema. Lakini hasira yake ina mwenyewe, na mtoto wa tano si mwenyewe.

Sheria ya nchi, Kodi ya Familia ya 1987, inataka kila mtoto Mkongomani awe na baba, hata aliyezaliwa nje ya ndoa. Kuzaliwa kwake kunatakiwa kuandikishwa kwa serikali ndani ya siku 90. Zikipita, inatakiwa hukumu ya korti, na njia ya korti ni ndefu na ina gharama. Watoto wengi waliozaliwa chini ya mahema hawana karatasi yoyote zaidi ya ile ya kupimwa uzito, kama haikulowa mvua. Hapo wazee wa kanisa wana kazi inayowangoja: kuongozana na mama mpaka ofisini, kukusanya franka kidogo kidogo kama zinavyokusanywa za msiba, kuwa mashahidi, na kuketi na baba jioni, bila kumsukuma, mpaka atakapokuwa tayari kutaja jina. Waandikaji wa jetoni watarudi, na swali lao litakuwa lilelile.