Gigabaiti Si Kasi

Wanaodai kwamba mcheza gemu wa Diani au Msambweni achague kadi ya michoro, yaani kifaa kinachochora picha za kompyuta, kwa ukubwa wa kumbukumbu pekee, wamepotoka. Kadi ya RTX 3060 iliyotolewa mwaka 2021 ina gigabaiti 12 za kumbukumbu, lakini huachwa nyuma na RTX 3060 Ti ya 2020 yenye 8, kwa kuwa kumbukumbu huhifadhi tu, ilhali wachoraji hasa ni viini vya kichakato. Isitoshe, RTX 3060 hula wati 170, na tundu la ndani ya kompyuta inamochomekwa hutoa 75 pekee; kompyuta nyingi ndogo za mitumba zilizotoka maofisini hazina waya wa kufidia upungufu huo. Mwenye kompyuta hiyo anunue kadi ya GTX 1650 fupi ya aina isiyodai waya wa ziada.