Riba ya Benki Kuu hupangwaje, na mahindi ya Handeni yanaingia wapi?

Kila baada ya miezi mitatu tunawasomea kwenye taarifa ya habari kwamba Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania imekutana na kutangaza riba. Na kila mara swali linalotufikia studio ni lile lile: riba hiyo inamhusu nini mkulima wa Kabuku, au kibarua wa mkonge pale Ngombezi? Hewani muda hautoshi, kwa hiyo tunajibu hapa.

Tuanze na kilichobadilika. Zamani Benki Kuu ilisimamia zaidi kiasi cha fedha kilichomo kwenye mzunguko. Januari 2024 ilihamia kwenye mfumo wa riba. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huo ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Hii siyo riba unayotozwa wewe dirishani. Ni riba elekezi, inayoongoza gharama ya benki kukopeshana zenyewe kwa muda mfupi. Mkopo wa kawaida umekuwa ukizunguka asilimia 15 kwa mwaka. Lengo la yote haya ni mfumuko wa bei ubaki kati ya asilimia 3 na 5.

Sasa, kamati inajuaje kuwa inafaa 5.75 na siyo 7? Hapo ndipo wanapohitajika watu waliosomea modeli za uchumi jumla, yaani kuuandika uchumi wa nchi nzima kwa hesabu.

Kazi hii ina historia. Mwaka 1936 Jan Tinbergen wa Uholanzi aliandika uchumi wa nchi yake kwa milinganyo. Mwaka 1949 Bill Phillips, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa London, akatengeneza mashine ya matangi na mabomba, ambamo maji yalisimama mahali pa fedha: mengine yanakwenda kwenye kodi, mengine akiba, mengine matumizi. Anayemwagilia mpunga Mombo ataelewa haraka. Ukipunguza maji kwenye lango la juu, shamba la chini litakosa maji, lakini siyo saa ile ile. Riba nayo huchukua miezi kumfikia mtu wa chini, na modeli hujaribu kukadiria itachukua miezi mingapi na itafika na nguvu kiasi gani.

Chukua njia moja. Riba ikipanda, mnunuzi wa mahindi anayekopa benki anakopa kidogo. Akija Mkata na fedha pungufu, ananunua magunia machache, na bei ya shambani inaweza kulegea. Riba ikishuka, mambo yanaweza kugeuka. Ndiyo maana hata asiyewahi kukanyaga benki anaguswa.

Lakini riba hailetí mvua. Vuli ikikatika Handeni na unga ukapanda, kupandisha riba hakutaotesha mahindi. Mchumi mzuri hutenganisha bei zilizopanda kwa sababu ya ukame na zile zilizopanda kwa sababu fedha ni nyingi kuliko bidhaa. Akizichanganya, ataumiza mkulima mara mbili: kwanza jua, kisha mkopo ghali.

Jambo la pili ni wastani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima mfumuko wa bei kwa kapu la bidhaa na huduma 383, na katika kapu hilo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28 hivi. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 10 na vingine vyote vimesimama. Kwenye kapu la taifa hiyo ni asilimia 2.8 tu. Kwa kaya inayotumia asilimia 60 ya fedha zake kununua chakula, ni asilimia 6. Wote wawili wamesema kweli, ila maisha yao ni tofauti. Kwa hiyo msikilizaji akisema bei zimemkaba wakati taarifa inasema mfumuko ni mdogo, hajakosea kuhesabu.

Korogwe wana somo la tatu. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kamba za plastiki zilipoenea duniani, bei ikaanguka na mashamba yakageuka vichaka. Modeli iliyojengwa kwa takwimu za miaka ya neema isingeona hatari hiyo bila mtu wa kuuliza: je, kesho wakipata kitu mbadala?

Maswali kama hayo huulizwa vizuri na anayeyajua mazingira. Njia ya kufika huko ipo, ingawa ni ndefu: kidato cha tano na sita kwa mchepuo wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, shahada ya uchumi, kisha uzamili, ambako hisabati, takwimu na kompyuta ndizo jembe la kila siku. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha hadi uzamivu, na kimo kwenye mpango wa pamoja wa AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi iliyoanzishwa mwaka 1988 yenye makao Nairobi. Mzazi wa Handeni anayemruhusu binti aache hesabu kwa kuwa "ni za wavulana" anamfungia mlango huo mapema sana.

Wakati tunawasubiri vijana hao, kazi yetu ni ndogo lakini ya lazima. Mtu wa takwimu akija kuuliza umevuna magunia mangapi na umeuza bei gani, mwambie ukweli, usipunguze kwa kuhofia ushuru wala usiongeze kwa kutarajia msaada. Mashine ile, iwe ya maji au ya kompyuta, hutoa kulingana na kilichomiminwa ndani yake.