Abunuwasi, Sufuria Iliyozaa na Pampu Iliyokufa



  

Tuliombwa tuandike juu ya tabia njema, na tulikuwa tumekwisha kuanza kuandika yale ambayo huandikwa kila mwaka. Kisha likatokea jambo la pampu. Tukaona heri tuandike hilo, kwa kuwa linatugusa sisi walimu kabla ya kumgusa mwanafunzi yeyote.

Wanafunzi wetu wa darasa la jioni wanajua kwamba siku ya Alhamisi, wakimaliza kusoma vizuri, huwa tunawasimulia hadithi. Alhamisi moja tuliwasimulia ile ya Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kubwa kwa jirani yake, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo ndani yake, akasema, "Sufuria yako imezaa." Jirani akafurahi, akavipokea vyote viwili. Baada ya siku chache Abunuwasi akaazima tena, na safari hii hakurudisha kitu. Alipodaiwa akajibu kwamba sufuria imekufa. Jirani akang'aka: sufuria hufaje? Naye akamwambia, uliyekubali kuwa imezaa, kwa nini unakataa kuwa imekufa? Darasa zima likaangua kicheko, na sisi tulicheka pamoja nao. Hatukusema neno lingine, tukawaruhusu waende nyumbani.

Haikupita wiki mbili, kijana mmoja wa darasa hilo akaazima pampu ya baiskeli kwa mwenzake mdogo, mtoto wa miaka kumi anayetoka kijijini huko njia ya Dutwa. Alipoirudisha akaifunga pamoja na kalamu ya wino, akamwambia, "Pampu yako imezaa." Mtoto akacheka, akachukua kalamu. Mara ya pili pampu haikurudi. Ilikuwa "imekufa", nayo kwa kweli ilikuwa imekwisha kuuzwa. Wenzake wote wakamcheka yule mdogo, wala hakuna aliyemtetea, kwa sababu kila mmoja aliijua hadithi na aliona imekwenda sawasawa. Gurudumu lake lilipoisha upepo, alikosa madrasa siku nane, maana kwa miguu asingefika kabla ya Magharibi. Sisi tulidhani anaumwa.

Tulipomwita yule mkubwa hakukana. Alisema maneno ambayo mpaka leo yamo masikioni mwetu: "Ustadhi, mbona wewe mwenyewe ulicheka?"

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Je, Abunuwasi ni mtu mwema au ni mhalifu? Tuliliuliza swali hili darasani, nalo darasa likagawanyika. Wengine walisema ni tapeli tu, na hadithi zake zipigwe marufuku. Wengine walisema ni mtetezi wa maskini. Ukweli ni kwamba makundi yote mawili yana hoja, kwa sababu Abunuwasi wa hadithi ana nyuso mbili, na tunaowasimulia watoto huwa hatuwaambii wakati gani ameugeuza upi.

Kwanza tumwondolee lawama maiti. Abu Nuwas halisi alikuwa mshairi, jina lake Al-Hasan bin Hani, aliyezaliwa Ahwaz katika karne ya 8 na kufia Baghdad kiasi cha mwaka 814, baada ya zama za Khalifa Harun Rashid aliyetawala kuanzia 786 hadi 809. Alijulikana kwa mashairi ya ulevi, jambo lisilofichika, na pia kwa mashairi ya kujuta na kuomba msamaha. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini hadithi za sufuria si zake. Nyingi kati ya hizo Waarabu huzisimulia juu ya Juha, na Waturuki juu ya Nasreddin Hodja. Watu wa pwani walipozipokea walimvika Abunuwasi zote, zikapanda mpaka huku kwetu usukumani kwa vitabu vidogo ambavyo wazee wetu walivisoma shuleni. Basi mwanafunzi asije akasimama akasema kuwa mshairi yule aliiba sufuria. Kumzulia aliyekufa ni dhambi kama kumzulia aliye hai, na huenda ikawa nzito zaidi, kwa kuwa hawezi kujitetea.

Tubaki na huyu wa hadithi. Mwangalieni katika hadithi ya harufu. Maskini alikula chakula chake kikavu karibu na jiko la tajiri ili anuse mchuzi, na tajiri akamshitaki alipe gharama ya harufu. Abunuwasi akazichukua fedha, akaziangusha zilie mbele ya tajiri, akamwambia kwamba aliyeuza harufu ameshalipwa kwa sauti. Mwangalieni tena katika hadithi ya mtu aliyekaa usiku kucha katika maji ya baridi kwa ahadi ya zawadi, kisha akanyimwa zawadi yake kwa madai kwamba aliota moto uliokuwa unawaka mbali. Abunuwasi akawaalika wakubwa karamu, akaweka moto huku na vyungu kule mbali, wakakaa na njaa mpaka wakakiri wenyewe kuwa moto wa mbali haupashi kitu. Hizi nazo ni hila, na katika hizi tunacheka bila ya kuona haya.

Tofauti iko wapi? Sisi tunaona ni hii: hadithi inapokwisha, tazama mali iko mkononi mwa nani. Katika harufu, tajiri hakupungukiwa na hata senti moja, na fedha za maskini zilirudi mfukoni mwake. Katika maji ya baridi, mwenye haki alipata haki yake. Katika sufuria, mali ya jirani imebaki nyumbani kwa Abunuwasi. Uliza swali hilo, na uso wa pili utauona mara moja.

Kuna waliosema, lakini jirani naye alikuwa mwenye tamaa, alipokea kisufuria kisichokuwa chake. Ni kweli, na hapo ndipo hadithi inapouma. Jirani alijua sufuria haizai. Alinyamaza kwa sababu uongo ule ulimpa faida. Hukumu yake ni kurudisha kisufuria. Lakini kosa lake halihalalishi sufuria yake kuliwa, maana iliazimwa, na kilichoazimwa hurudishwa kwa mwenyewe. Tena Abunuwasi hakuwa mwalimu aliyetaka kumfunza jirani tabia. Angekuwa hivyo, angemrudishia sufuria baada ya kumcheka. Alitega tangu siku ya kwanza, na kile kisufuria kilikuwa chambo.

Mlio wa Busega, huko Lamadi na vijiji vya kando ya ziwa, mnaijua mitego kuliko sisi. Someni Suratul Aaraf, aya ya 163, habari za watu wa mji wa pwani waliokatazwa kuvua siku ya Jumamosi. Wafasiri wanaeleza kwamba walitega kabla ya siku yenyewe na kukusanya samaki baada yake, wakajidai hawakuvua. Hila ile iliwaangamiza. Kisha someni Surat Yusuf, kuanzia aya ya 70, jinsi kikombe kilivyowekwa katika mzigo wa ndugu yake Nabii Yusuf (a.s.) ili apate kubaki naye, na aya ya 76 inavyobainisha kuwa mpango ule ulitoka kwa Allah mwenyewe. Hatumlinganishi Mtume wa Allah na Abunuwasi, tunajikinga na jambo hilo. Tunaonyesha tu kuwa Qur'an haikuilaani kila hila wala haikuisifu kila hila.

Tungeweza kuishia hapa kama si mzazi wa yule kijana. Alikuja tulipomwita, mtu mstaarabu, mkulima wa pamba. Tulipomweleza, alitabasamu akasema, "Ustadhi, mwache mtoto, ana akili. Kule kwenye mizani sisi tunafanywa hivyo kila msimu." Kisha akatueleza kwa uchungu. Mkulima analima na familia yake, anapalilia, anapulizia dawa, anachuma kwa vidole mpaka vinachubuka, halafu anafika kwenye kununulia na mizani imechezewa, kilo zake zinapungua mbele ya macho yake. "Basi nasi tunamwagia maji kidogo, tunatia na mchanga. Abunuwasi kwa Abunuwasi."

Hoja yake si ya kudharauliwa. Mkoa wetu wa Simiyu, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, umekuwa ukihesabiwa mbele kabisa kwa pamba nchini, na bado mtu aliyeilima anaweza kuondoka kituoni amenyongwa. Mwenye kupunja katika vipimo ameonywa kwa sura nzima, Suratul Mutaffifin, nayo inaanza na maangamizi yake. Kwa hiyo hatumwambii mzazi huyu kwamba hajadhulumiwa.

Lakini tulimuuliza lile swali letu la mali. Maji yako yanamwangukia nani? Aliyechezea mizani amekwisha kula na kuondoka. Pamba yenye maji na mchanga inachanganywa na ya jirani yako aliyeianika vizuri, inafika kiwandani imechafuka, na msimu unaofuata mnunuzi anawashushia bei nyote, pamoja na yule mjane ambaye hajawahi kumwagia hata tone. Hii si hadithi ya harufu, ndugu yetu. Hii ni sufuria. Tukamkumbusha Hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tazameni, huyo hakumwagia maji. Mvua tu ilimnyeshea, akanyamaza.

Mzazi alikaa kimya kitambo. Kisha yeye mwenyewe akatusimulia habari za mzee mmoja wa kijijini kwao, nasi tunaiandika kwa idhini yake. Mzee yule alifika kituoni na mkokoteni wa pamba, na juu yake mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Akaomba, kwa adabu kabisa, upimwe kwanza mfuko wa saruji. Watu wakacheka. Ukapimwa, mizani ikasoma 46. Mzee hakugombana wala hakutukana. Alisimama tu, akawauliza waliopanga foleni kama saruji nayo hunyauka kwa jua. Siku ile mizani ilirekebishwa kabla ya adhuhuri.

Huyo ndiye Abunuwasi tunayemtaka Bariadi! Na saruji yake alirudi nayo nyumbani.

Mtauliza, basi tuache kuwasimulia watoto hadithi ya sufuria? Baadhi ya walimu wenzetu walipendekeza hivyo, na tunaiheshimu rai yao. Sisi hatukukubaliana nao. Bukhari amepokea kisa cha Abu Huraira (r.a.) alipowekwa kulinda zaka ya Ramadhani. Alimkamata mwizi akichota chakula, mwizi akalia shida na watoto, akamwachia. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu mwizi akamfundisha kusoma Ayatul Kursiy kabla ya kulala. Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kwamba yule amesema kweli ingawa ni mwongo mkubwa, na kwamba alikuwa shetani. Abu Huraira hakuitupa Ayatul Kursiy kwa sababu ya aliyeileta, wala hakumfanya mwizi kuwa rafiki yake kwa sababu ya Ayatul Kursiy. Mtoto anayeweza kushika mambo hayo mawili kwa pamoja tunaweza kumsimulia hadithi yoyote. Asiyeweza bado, kosa ni letu tuliocheka tukamwacha aende nyumbani.

Tukamaliza shauri la pampu hivi. Baba alikwenda mwenyewe kuikomboa kwa aliyeinunua, akampa mwanawe kazi za nyumbani mpaka deni limalizike. Kijana alimwomba mwenzake radhi mbele ya darasa lile lile lililocheka. Na yule mdogo tulimwambia arudishe kalamu. Alishangaa sana, hata machozi yalimlengalenga. "Ustadhi, mimi ndiye niliyeibiwa!" Tukamwambia ndiyo, wewe ndiye uliyeibiwa, na kalamu si yako. Aliirudisha, ingawa hatudhani alituelewa siku ile.

Muhula huu tumesimulia sufuria kwa mara ya pili, lakini tukaikatisha pale Abunuwasi anaposema imezaa, tukawaambia kila mmoja aandike mwisho wake. Tulipata miisho mingi ya kuchekesha. Yule mdogo wa pampu aliandika mstari mmoja tu: jirani akasema, hiki si changu, akamrudishia Abunuwasi kisufuria chake, wakaagana. Tulipousoma kwa sauti, darasa likalalamika kwamba hadithi imekuwa fupi mno.