Kabla Mtuletee Mnara wa Sola, Tuambieni Maji Yatatoka Wapi

Wacha niseme hii kitu hata kama mtaniandama kwenye komenti.

Kila mara kuna mtu ananitumia ile video ya mnara wa sola wa Ouarzazate, Morocco. Maelfu ya vioo yamezunguka mnara wa karibu mita 250, juu kunawaka kama jua la pili. Halafu ananiandikia: "Isiolo inahitaji hii. Jua tunalo."

Jua tunalo, kweli. Lakini mtambo kama huo hauli jua tu. Unakunywa maji pia.

Tuelewane kwanza. Hizi si paneli kama zile za Garissa zilizozinduliwa 2019. Paneli jua likizama nazo zimelala. Hapa vioo vinakusanya joto, joto linatengeneza mvuke, mvuke unazungusha mashine ya stima. Uzuri wake ni kwamba joto linaweza kuwekwa kwenye matangi ya chumvi iliyoyeyushwa, ukapata stima saa mbili usiku, wakati Kenya nzima imewasha taa. Hapo siwapingi.

Shida ni kwamba ule mvuke lazima upozwe. Ukipoza kwa maji, zinaenda kama lita 3,000 kwa kila megawati-saa. Pigeni hesabu: megawati 50, saa 10 kwa siku, ni lita milioni 1.5. Kila siku! Ng'ombe akinywa lita 30, hayo ni maji ya ng'ombe 50,000. Mtayatoa wapi? Ewaso Nyiro, mto ambao ukame ukikaza unakauka kabla ya kufika Merti? Nyanya yangu anaishi huko. Mwambieni nyinyi.

Morocco wenyewe walibadilisha. Noor I, iliyoanza 2016, inapozwa kwa maji. Noor II na Noor III zilizofuata zinapozwa kwa hewa. Ndiyo, feni ni ghali na mchana wa joto kali unapoteza stima kiasi. Lakini unaokoa karibu asilimia 90 ya maji ya kupoza. Kwangu hilo ni sharti la kwanza, na halina mjadala.

Sasa, mnara au birika? Kuna aina nyingine ambayo haipati likes: vioo virefu vilivyopindwa kama birika la kunyweshea mifugo, na bomba la mafuta limepita katikati. Mimi nachagua hiyo.

Kwa nini? Moja, vumbi. Kwenye mnara, mwanga unasafiri mamia ya mita hewani kabla ya kufika juu. Kwenye birika ni mita chache tu. Mnajua upepo wetu. Mbili, tuko karibu na ikweta. Birika hupoteza nguvu nyingi nchi zenye jua la chini wakati wa baridi. Hapa jua linapita karibu na utosini mwaka mzima. Tatu, joto. Chumvi ya mnara hufika nyuzi 565, ya birika haifiki 400. Tangi la Crescent Dunes, Marekani, lilivuja 2016. La Noor III likavuja 2024, kituo kikakaa kimezimwa miezi mingi. Nchi tajiri inaweza kusubiri fundi. Sisi tutasubiri gizani.

Mnara una faida yake: joto kali zaidi linatoa stima zaidi, na mafuta ya birika yanaweza kushika moto. Najua. Na mtu akileta paneli na betri kwa bei ya chini kuliko hizi zote, nitampigia makofi, maana hazihitaji maji ya kupoza.

Lakini zote zinahitaji ardhi, na ardhi yetu ni malisho. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Turkana, kule Marsabit, zilipatikana kinyume cha sheria. Mitambo ilikuwa imeshasimama! Tusisubiri kufika hapo.

Najua kuna mtu atasema niliacha uni, sina digrii ya uinjinia. Sawa. Lita milioni 1.5 zitabaki lita milioni 1.5.

Siku wakija kwa baraza na picha ya mnara unaong'aa, usiulize utakuwa mrefu kiasi gani. Uliza: mnapoza kwa nini? Wakikwepa hilo swali, ushajua maji ni ya nani.